Asiyekuwepo na lake lipo: manamba wa Buha na nyumba walizoziacha

Leo naomba tuzungumzie neno moja ambalo wengi wetu tunalitumia bila kujua lilikotoka. Neno lenyewe ni manamba. Mshikaji wako akikwambia kwamba kazini kwao wanafanyishwa kazi kama manamba, unamwelewa mara moja: kazi kubwa, mshahara kiduchu, na bosi asiyekujua hata jina. (Wakenya wao humwita manamba utingo wa matatu, lakini hiyo ni habari nyingine.) Neno limetokana na namba. Enzi za Mwingereza, mtu aliyeandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga au Morogoro alipewa namba, na kuanzia hapo karani na mnyapara walimtambua kwa namba hiyo.

Vitabu vya historia vimeandika mengi juu ya manamba. Vimeandika juu ya kodi, mishahara, migomo na marobota ya mkonge yaliyopakiwa bandarini Tanga. Ila ukivisoma utaona kwamba vingi vinamfuata yule aliyeondoka. Vinapanda naye treni, vinafika naye kambini, vinahesabu siku zake za kazi. Waliobaki nyumbani wanatajwa kwa sentensi moja au mbili: wake, watoto na wazee. Kana kwamba hao wote walikuwa kitu kimoja, na kana kwamba wote waliachwa na mtu yule yule.

Nadhani hapo pana kasoro, na ndiyo maana naandika. Aliyeondoka ni mmoja, ni kweli. Lakini mkewe aliachwa na mume, mama yake aliachwa na mtoto, kifungua mimba aliachwa na mtu aliyekuwa akimfundisha kazi, na kitinda mimba aliachiwa jina tu. Hizo ni hasara tofauti. Kila mtu alitafuta namna yake ya kuishi nayo, na mara nyingi namna ya huyu ilimuumiza yule. Ugomvi wa familia nyingi za Buha, hata zile zilizohamia mijini zamani, umeanzia hapo.

Kwa wale wasioifahamu Buha, ni nyanda za juu za mkoa wa Kigoma: Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Familia ya baba yangu inatoka upande wa Kagerankanda, wilaya ya Kasulu, jirani na msitu wa Makere Kusini. Ukisikia habari za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, basi ujue ni ukanda huo huo. Watu wengi wanalijua eneo letu kwa sababu ya watu wanaoingia wakikimbia vita, Warundi na Wakongo. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kupokea watu tulikuwa tunatoa watu.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mkonge wenyewe ni mgeni katika nchi hii. Aliyeuleta ni Mjerumani mtaalamu wa kilimo, Dk. Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62, Tanganyika ikaja kuwa nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha mkonge. Tatizo la zao hili ni kwamba linakula watu. Jani linakatwa kwa mkono, linafungwa matita, linabebwa hadi kwenye vitoroli, na miiba yake haina huruma. Wabondei, Wasambaa na Wazigua waliokuwa jirani na mashamba walikuwa na mashamba yao wenyewe, hawakuwa na haja ya kujitesa. Kwa hiyo vibarua wakatafutwa mbali. Mwanzoni walikuwa hasa Wanyamwezi na Wasukuma. Baadaye Wasukuma walipopata pamba yao ya kuuza, wenye mashamba wakazidi kugeukia kwingine, na Buha ikawa mojawapo.

Kwanini Buha? Jibu fupi ni kodi. Wabelgiji waliiteka Kigoma mwaka 1916 na wakakaa hadi 1921 walipomkabidhi Mwingereza. Mwaka uliofuata, 1922, Mwingereza akatunga sheria ya kodi ya nyumba na kichwa, na kodi hiyo ilidaiwa kwa shilingi. Sasa Muha wa miaka hiyo shilingi angeipata wapi? Alikuwa na mihogo, maharage, ulezi, ndizi, mbuzi, wengine ng'ombe, wengine asali na nta. Chakula kilikuwepo, soko ndilo halikuwepo. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini badala ya kusafirisha mazao yetu ikawa inasafirisha watu wetu. Miaka ya 1930 malale yaliposhamiri, serikali ikawahamisha watu waliokuwa wamekaa kwa kutawanyika na kuwakusanya katika makazi maalumu, hasa upande wa Kibondo. Mtu aliyeng'olewa mara moja hana mizizi mirefu ya kumzuia kuondoka tena.

Kisha ikaja vita kuu ya pili. Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nyuzi zilizokuwa zikitoka huko kwa ajili ya kamba za meli zikakatika, na mkonge wa Tanganyika ukawa lulu. Wapo waliokamatwa kwa nguvu na kupelekwa mashambani. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na mawakala wake wakapiga kambi katika majimbo ya mbali kama letu. Uliandikishwa, ukapimwa afya, ukasafirishwa kwa treni na malori. Reli ya kuunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga haikufunguliwa hadi 1963, kwa hiyo safari ya kutoka Kasulu hadi shamba la Tanga ilikuwa ni kwa miguu, kwa treni na kwa lori. Ukifika unapewa kipande.

Kipande hiki si kile cha Wakenya cha kuvaa shingoni. Kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi za siku 30, na siku hizo zilitakiwa zikamilike ndani ya siku 42. Siku usiyomaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa, hata kama jua lilikuchoma mpaka jioni. Naomba mlizingatie jambo hili kwa sababu tutalihitaji. Manamba alihesabu muda wake kwa vipande. Mkewe kule Kasulu alihesabu kwa mavuno ya maharage. Mume angesema "nitakaa vipande kadhaa nirudi," na mke angeelewa miezi kadhaa. Tangu siku ya kwanza walikuwa hawahesabu siku zile zile.

Na hao ni wale walioaga. Wengi hawakuaga. Ukiwasikiliza wazee wa kwetu watakupa sababu mbalimbali. Kuna aliyekimbia kodi kabla karani wa mwami hajafika. Kuna aliyekuwa na kesi ya mahari. Kuna aliyeogopa kwamba akimwambia baba yake atazuiwa, au akimwambia mkewe atalia na yeye atashindwa kunyanyua mguu. Na kuna aibu. Kwenda kuwa manamba haikuwa sifa, ilikuwa ni kama kukiri kwamba umeshindwa kuilisha nyumba yako kwa jembe lako. Basi mtu anaamka alfajiri, anasema anakwenda bomani, na ndiyo imetoka hiyo.

Babu yangu, mzaa baba, aliondoka hivyo mwaka 1956. Alisema anakwenda Kasulu kufuatilia mambo ya kodi. Aliacha mama yake mzazi, mke, mtoto wa kiume wa miaka kumi na mbili, wa kike wa miaka minane, na mimba iliyokuja kuwa baba yangu. Sitaki kuifanya familia yangu iwe mfano wa Waha wote, lakini ndiyo familia ninayoijua kwa undani, na nimewasikiliza karibu wote waliohusika, au watoto wao.

Tuanze na bibi. Watu wa nje walimwona ni mwanamke wa chuma. Hakulia hadharani. Wiki ile ile aliyoondoka mumewe alipanua shamba la mihogo. Kwa miaka mingi nilidhani huo ndio ujasiri, mpaka aliponieleza hesabu yake. Mihogo inakaa ardhini muda mrefu bila kuharibika, unang'oa kadiri unavyohitaji. Maharage yanataka palizi kwa wakati, yanataka mikono. Mwanamke mwenye mimba na asiye na mume hana mikono ya kutosha. Kwa hiyo hakuwa anajipa moyo, alikuwa anabadilisha kilimo ili kilingane na idadi ya watu waliobaki. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, Audrey Richards, aliliona jambo kama hili kwa Wabemba wa Zambia ya leo na kuliandika katika kitabu chake cha mwaka 1939. Wanaume walipokwenda kwenye migodi ya shaba, hakukuwa na wa kupanda miti na kuikata matawi kwa ajili ya mashamba ya kuchoma, na njaa ikaingia katika nyumba ambazo fedha ya mgodini haikuwahi kufika. Bibi hakumsoma Richards. Aliona tu stoo yake.

Kitu kilichomtesa bibi hakikuwa kazi. Ni kwamba hakuwa na cheo. Hakuwa mke, kwa sababu mume hayupo. Hakuwa mjane, kwa sababu hakuna maiti. Mjane angeweza kurithiwa na shemeji au kurudi kwao. Yeye hakuweza lolote bila mtu kuuliza, "na mwenyewe akirudi?" Shemeji zake walikuja kumwuliza mara mbili, naye mara mbili akajibu kwamba mwenye nyumba yuko safarini. Shangazi anaamini mama yake alijibu hivyo kwa mapenzi. Bibi mwenyewe aliniambia alijibu hivyo kwa sababu akikubali kurithiwa, shamba la mihogo linakuwa la shemeji.

Mama yake babu yeye alifanya kinyume kabisa. Hakufanya kazi, hakupanga, alingoja. Wazee wa ukoo walipotaka kuweka matanga baada ya miaka kadhaa, ili mambo yaishe, alikataa katakata. Alisema atakayelia kwa ajili ya mtoto wake aliye hai amemloga. Kwa hiyo ndani ya boma moja kulikuwa na mwanamke mmoja anayepanga maisha kana kwamba mtu hatarudi, na mwingine anayepika chakula cha ziada kana kwamba atafika jioni. Nadhani mnaweza kukisia jinsi walivyoishi. Mama mkwe alimwona mkwewe ana roho ngumu. Mkwe alimwona mama mkwe anamaliza unga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja operesheni ya vijiji mkoani Kigoma. Watu waliamriwa kuhama kwenye maboma yao na kujenga kwa mistari kando ya barabara. Mengi yameandikwa juu ya operesheni ile, kama ilikuwa sahihi au la. Mama yake babu hakuwa na maoni juu ya Ujamaa. Hoja yake ilikuwa moja tu: tukihama, mwanangu akirudi atatukuta wapi? Alikuwa kikongwe wakati huo. Walimbeba. Kabla ya kubebwa alihakikisha watu wa kitongoji cha jirani, ambacho hakikuwa kimehamishwa bado, wanajua ni upande gani familia imekwenda.

Sasa watoto. Baba mkubwa, yule wa miaka kumi na mbili, aliacha shule akawa mwanamume wa nyumba. Hakuna aliyemwamuru, lakini hakuna aliyemkataza pia. Alichagua hasira, na hasira ilimsaidia kweli. Ndiyo iliyomwamsha alfajiri kwenda shambani. Akiwa na miaka kama ishirini alipiga marufuku jina la baba yake kutajwa ndani ya nyumba.

Shangazi alichagua hadithi. Katika masimulizi yake babu hakukimbia, alitumwa. Alikuwa anajenga nyumba ya bati huko Tanga, alikuwa karani, alikuwa anakusanya mahari ya kumwozesha kaka yake. Kila mwaka hadithi ilikua. Baba mkubwa alipiga marufuku jina, shangazi akawa analitamka kwa makusudi wakichota maji. Hawa ni ndugu waliokula chungu kimoja, lakini hadi leo wakikaa sebuleni pamoja lazima mtu wa tatu akae katikati.

Shangazi alipoposwa ndipo mambo yakawa wazi. Nani apokee mahari? Baba hayupo. Mama aliyemlea ni mwanamke. Kaka bado mdogo. Ikapokelewa na baba mdogo, ambaye hakuwa amechangia hata kibaba cha ulezi katika malezi yake. Na hapa nataka niwape jambo la kutafakari. Wakati huo huo wa ukoloni, utawala wa Heru, ambao makao yake yalikuwa Heru Juu pale Kasulu, ulikuwa mikononi mwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare, kuanzia miaka ya 1940 hadi tawala za machifu zilipofutwa mwaka 1963. Yaani mwanamke aliweza kuwa mwami wa nchi nzima, lakini bibi yangu hakuweza kupokea mahari ya binti aliyemlisha kwa mihogo yake mwenyewe. Cheo cha mwami kilitokana na damu. Cha bibi kilitokana na mume, na mume alikuwa namba kwenye daftari la Tanga.

Na baba yangu? Yeye alizaliwa baada ya kuondoka kwa babu. Husema hakupoteza kitu kwa sababu hakuwahi kuwa nacho. Nilimwamini mpaka nilipoanza kuona kwamba baba yangu hawezi kwenda hata dukani kununua sukari bila kuaga nyumba nzima, mmoja mmoja, pamoja na anayelala. Tulipokuwa wadogo tulimcheka.

Nimetaja watu watano. Sijaona kati yao aliyekosea. Mtafiti wa Kimarekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za marubani wa nchi yake waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao haikujulikana kama wamekufa au wako hai. Aligundua kwamba msiba wa namna hiyo una mateso yake ya pekee, kwa sababu hauna mwisho: hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna siku ambayo mtu anaruhusiwa kuacha kungoja. Akagundua pia kwamba wanafamilia wanashindwa kukubaliana jambo la msingi kabisa, yaani kama huyo mtu bado ni mmoja wao au la. Ukisoma kazi yake unaweza kudhani aliwahi kupita Kasulu.

Wenzetu wa Malawi, ambao wanaume wao walikwenda kwenye migodi ya Afrika Kusini na Zimbabwe ya leo, wana neno kwa ajili ya mtu wa aina ya babu: machona, waliopotea moja kwa moja. Sisi katika Kiswahili tuna kulowea, yaani kwenda ugenini ukakaa mpaka ukawa mwenyeji. Ni neno la haki kidogo, kwa sababu linatukumbusha kwamba kule alikokwenda mtu hakuwa hewani, alikuwa anaishi.

Hapa tumtendee haki na yeye. Mkonge ulipokuwa na bei nzuri, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakati wa vita vya Korea, mwenye shamba alitajirika, lakini manamba hakuwa na cha kujivunia kupeleka nyumbani. Ilipofika katikati ya miaka ya 1960 bei iliporomoka, nyuzi za viwandani zikaanza kuchukua nafasi ya mkonge, vibarua wakapunguzwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi yakataifishwa, lakini bei haikutaifishwa. Huo ndio ungekuwa wakati wa kurudi. Wengi hawakurudi. Mtu aliyeondoka akiaga anaweza kurudi mikono mitupu, atachekwa siku mbili yaishe. Aliyeondoka bila kuaga anatakiwa arudi na kitu kikubwa cha kueleza kimya chake. Kadiri miaka inavyopita, kitu hicho kinatakiwa kiwe kikubwa zaidi, na mshahara wa mkonge haukuwa wa kununua kitu hicho. Ndiyo maana mpaka leo ukienda Muheza, Korogwe au Kilosa utakuta Waha ambao wajukuu wao hawajui njia ya Kasulu.

Mwaka 1978 baba mkubwa, yule aliyepiga marufuku jina, ndiye aliyekwenda kumtafuta. Si shangazi mwenye hadithi, wala si bibi. Alikwenda Tanga akauliza kambi kwa kambi. Akakuta babu amefariki miaka miwili kabla, ameacha mke na watoto wawili. Wale watoto walimpokea vizuri, wakampikia, wakamsimulia kuhusu baba yao aliyekuwa anarudi nyumbani kila jioni na kuwafundisha kusoma saa. Baba mkubwa anasema taarifa ya kifo aliibeba bila shida. Ile habari ya kila jioni ndiyo iliyomshinda.

Akarudi Kagerankanda na matanga yakawekwa, miaka ishirini na miwili baada ya kuondoka. Mama yake babu alikuwa ameshafariki, akiwa bado anangoja. Shangazi alikataa kuja. Bibi alikaa siku zote za msiba kama desturi inavyotaka, na siku ya kumaliza akaenda shambani. Aliyelia mpaka akashikwa ni baba yangu, ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata siku moja.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mambo ya mkutano au mgawo wa chakula ni kweli kabisa. Kwa mambo ya nyumba, historia ya manamba inatuonyesha kinyume. Lake lilikuwepo katika mihogo, katika mahari, katika chakula cha ziada na katika kuaga kwa baba yangu.

Sheria yetu imejaribu kuweka kipimo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kutelekezwa kwa makusudi kwa muda usiopungua miaka 3 kunaweza kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Ni sheria nzuri, na kama ingekuwepo mwaka 1956 na ikamfikia bibi, huenda angekuwa na la kuwajibu shemeji zake. Lakini kipimo hicho ni cha mke. Hakuna sheria inayomwambia mama angoje miaka mingapi, wala inayomwambia mtoto wa miaka minane lini aache kusimulia.

Sasa kwanini nawachosha na habari za mkonge wakati mashamba yenyewe mengi yamebaki magofu? Kwa sababu watu hawajaacha kuondoka. Vijana wa Kasulu na Kibondo bado wanapanda mabasi kwenda Dar. Baba wa mjini anatoka kununua vocha na habadili tu laini, anabadili na mkoa. Siku hizi hata akina mama wanaondoka, kwenda kufanya kazi za ndani Oman, wengine bila kuwaaga watoto ili wasilie. Na sisi tunaobaki tunafanya yale yale: tunampongeza asiyelia, tunamcheka anayengoja, tunamwambia mwenye hasira asamehe, na mwenye hadithi akue. Tunataka nyumba nzima ikubaliane namna moja ya kuachwa.

Ningependa tujaribu kitu kingine. Badala ya kuuliza nani kaumia zaidi, au nani kasahau mapema, tuulize kila mmoja alipoteza nini hasa. Mwingine atasema mikono ya shambani, mwingine atasema cheo, mwingine atasema mtu wa kumzika. Majibu hayatafanana, na hayahitaji kufanana. Kaeni na wazee wenu mmoja mmoja, sio wote kwa pamoja, maana wakiwa pamoja watasema lile lililokubaliwa na familia.

Kwenu je, ni nani ambaye jina lake halitajwi, na ni nani aliyelipiga marufuku?